Viwiko Vitupu

Sura ya Saba

Saa tatu asubuhi watu walikuwa wameshajaa mbele ya dirisha la duka la Bibi Quillet, hata magari ya farasi yakawa hayapiti. Tobias Wragge alijipenyeza kwa bega. Mwuza chaza mmoja mwenye kapu kichwani akamwambia asubiri zamu yake, kwani kucheka ni bure na hakuishi. Wragge hakumjibu. Alikuwa mpelelezi wa hakimu kwa miaka kumi na tisa, na umati wa London alikwisha kuuzoea: ukiujibu unakuganda.

Picha aliyoitafuta ilibandikwa kwenye kioo cha katikati. Ilimwonyesha mwanamke ameketi kwenye benchi katika bustani ya chai, nywele zimepandishwa kama mnara wa kanisa, na juu ya mnara kiota, na kiotani ndege. Kinywa wazi, meno yote nje kwa kicheko. Ubavuni mwake alikaa mwanamume wa koti jekundu la jeshi, kiuno kama cha nyigu, anamlisha keki kwa vidole. Chini yake iliandikwa: *Bibi A—y Apata Kapteni wa Kumlisha.*

Jina lilikuwa limetobolewa katikati kama kawaida ya wachoraji wa mzaha, ili mtu asiweze kushtaki. Lakini London nzima ilikwisha kuliziba lile tundu. Gauni lenyewe lilitaja jina. Lilikuwa la hariri yenye matawi ya mizabibu, lililofumwa kwa mchoro mmoja tu na kuvaliwa na mwanamke mmoja tu katika dansi kuu ya mwaka uliopita, naye ni Bibi Honoria Ardley, mke wa Sir Hugh. Na yule wa koti jekundu, walisema watu, ni Kapteni Lusby.

"Mumewe ataificha wapi sura yake?" aliuliza mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni.

"Kwenye nywele za mkewe," akajibu mwuza chaza. "Nafasi ipo. Hata farasi wake ataenea."

Wakacheka. Wacha wacheke, aliye dirishani leo ni wa mwenzako, kesho ni wako. Wragge alitoa mfukoni picha iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile ile, ila hii ilitiwa rangi. Sir Hugh aliinunua jana akaipeleka nyumbani, akamtupia mkewe usoni wakati wa chakula mbele ya watumishi. Kisha akatoa amri. Leo saa kumi alasiri watoto wao wawili, Letitia wa miaka sita na Crispin wa miaka mitatu, wapandishwe gari wapelekwe kwa mama yake Sir Hugh, mwendo wa siku nne kaskazini, na mama yao asiwatie machoni tena. Sheria ilikuwa upande wake. Katika nchi ile mtoto ni wa baba kama kiti kilivyo cha mwenye nyumba.

Bibi Ardley alimwita Wragge saa moja asubuhi. Alimwambia, bila kumkaribisha kiti, kwamba Jumapili hakwenda bustani yoyote. Alilala na kichwa kinamgonga, mapazia yamefungwa. Shahidi? Hakuna, Jumapili mchana watumishi wake hupewa ruhusa. Alichojua ni kwamba adui fulani amemwuzia mchoraji habari za gauni lake, na alimtaja adui huyo: Bellot, msusi wake, mwenye ulimi mrefu kuliko kitana chake. Wragge akaenda kwa Bellot, akapoteza saa nzima. Bellot alikuwa amerudi alfajiri hiyo kutoka mji wa Bath, vumbi la wiki mbili bado liko kwenye masanduku, na mwenye gari akathibitisha. Njia hiyo ikafa.

Sasa alisimama dirishani, picha mkononi na picha kiooni, akizilinganisha kidogo kidogo. Nywele sawa. Ndege sawa. Keki sawa. Alipofika kwenye mikono ya gauni akasita.

Kwenye picha yenye rangi, mikono iliishia viwikoni kwa lesi nyeupe, tabaka tatu, kama povu la bia. Kwenye ile ya kiooni, isiyo na rangi, hapakuwa na lesi. Viwiko vilikuwa vitupu.

Akaingia dukani.

Bibi Quillet alikuwa nyuma ya meza akikata karatasi, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia shingoni. Alimtambua kabla hajafungua kinywa.

"Mbwa wa hakimu," alisema. "Ukitaka kununua, nunua. Ukitaka kubweka, nje kuna nafasi."

"Nataka kujua nani aliileta hii, mama."

"Umama wangu ni kwa niliowazaa. Niite Bibi Quillet."

Wragge akamwita Bibi Quillet, akarudia swali. Bibi Quillet akajibu kwamba A na Y ni herufi mbili tu, na kati yake mtu aweza kuweka Audley, au Abberley, au hata askofu akipenda. Anayedai ni yeye ndiye anayejisema. Na kama huyo Bibi anataka kumshtaki, karibu sana: picha yenye kesi huuzika mara tatu.

"Unajua leo saa kumi kutatokea nini katika nyumba ile?" Wragge akamwambia habari ya watoto.

Mkasi ukasimama, kisha ukaendelea. Bibi Quillet alisema kwamba hakumtuma mtu kuzaa na bwana mwenye hasira. Mabwana hao hao, alisema, huja dukani kucheka mke wa jirani, wanagongana vifua kwa kicheko. Ikifika zamu ya mlango wao wanamtafuta mwuzaji.

"Sijauliza hayo," Wragge akasema. Akaweka picha mbili mezani, ile ya mfukoni na nyingine aliyoichomoa kwenye rundo. "Nauliza hili. Kwa nini hii ina lesi na hii haina?"

Kwa mara ya kwanza Bibi Quillet alivaa miwani yake. Hasira yake ikageuka upande mwingine. Ilikuwa, alisema, uzembe wa Fitch. Fitch ndiye mchoraji wake, mzee asiyesikia la mtu. Aliichonga picha akaisahau lesi. Bamba la shaba likikwisha kuliwa na tindikali halirekebishwi kirahisi, basi yeye akawaambia wasichana wa rangi waongeze lesi kwa brashi.

"Kwa nini uhangaike?"

"Kwa sababu hakuna mwanamke wa daraja lile anayetoka viwiko vitupu. Bora atoke bila viatu. Mnunuzi angesema sijui ninachokiuza."

"Fitch yuko wapi?"

"Juu. Akikutupia chupa usije kwangu kulia."

Juu palinuka siki na wino. Wasichana wanne walikaa kwenye meza ndefu wakipitishiana karatasi, mmoja anatia nyekundu, mwingine njano, hawainui kichwa. Nyuma yao, karibu na dirisha, Lemuel Fitch alikuwa ameinama juu ya bamba, ncha za vidole zimeungua kwa tindikali hata kucha hazina rangi. Wragge alimsalimu. Mzee akaguna.

"Umesahau lesi, mzee wangu," Wragge akasema.

Hapo Fitch akageuka. Alisema kwamba amechora miaka thelathini na hajasahau kitu. Kama mtu ana chunjua, humchora na chunjua. Wanaoongeza na kupunguza ni wenye maduka. "Mimi nachora nilichokiona. Nilikuwa meza ya pili, karibu kama wewe na mimi. Mkono wake ulikuwa mtupu. Palikuwa na nyuzi nyuzi tu, kama mahali palipofumuliwa."

"Nyuzi."

"Nimekwambia nyuzi. Unataka niimbe?"

Alifungua mtoto wa meza akatoa kadi ndogo, kama ya kuchezea karata, iliyochorwa kwa kalamu ya risasi. Ndipo alipoanzia, bustanini, Jumapili saa tisa mchana. Wragge aliipeleka dirishani. Pale penye kiwiko, kwa mistari mifupi kama nywele za mtoto, Fitch alikuwa amezichora zile nyuzi zilizokatwa. Chini aliandika: *gauni la dansi la A—y. Je, ni yeye?*

"Uliuliza kama ni yeye," Wragge akasema. "Nani alikujibu?"

"Gauni," mzee akasema. "Nani mwingine?"

Alimtazama Wragge, kisha kadi, kisha Wragge tena. Alikuwa mtu wa kazi na alinusa. Aliuliza kama kuna jambo. Wragge alisema likiwepo atalisikia, akaomba kadi kwa siku moja. Fitch akampa, akamwambia kwamba bamba moja safi lilikuwa mezani tayari, na kwamba yeye, akiwa na habari nzuri, huchonga kwa siku moja.

*

Nyumba ya Ardley ilikuwa kimya, kimya cha matanga. Ukumbini palikuwa na masanduku mawili madogo yamefungwa kamba. Wragge aliyapita akapanda. Ilikuwa saa nane kasoro robo.

Bibi Ardley alikuwa chumbani mwake, wima katikati ya zulia, uso umepakwa poda nyeupe hadi midomoni. Hakuuliza habari. Alisema tu, "Bellot amekiri?"

"Bellot alikuwa Bath. Bibi, lile gauni la mizabibu liko wapi?"

Alikunja uso kama aliyeulizwa habari za maji ya kufulia. Alisema gauni lile limepitwa. Mikono yake ni ya mwaka jana. Alimpa Peck tangu mwezi wa tatu, kama desturi. Nguo zilizochoka ni haki ya mtumishi wa chumbani.

"Ulimpa na lesi yake?"

"Una wazimu? Lesi ile ilikuwa ya mama yangu. Niliifumua mwenyewe kwa mkasi wangu, usiku ule ule wa kumpa gauni, nisije nikasahau." Akavuta kisanduku kwenye meza ya kioo akakifungua. Lesi ilikuwa ndani, tabaka tatu tatu, imefungwa kwa utepe. Kwenye ukingo wake vilikuwa vimebaki vipande vya uzi wa njano, rangi ya gauni.

Wragge akaweka juu ya meza ile picha yenye rangi, akaweka picha isiyo na rangi, kisha akaweka kadi ya Fitch. Akamwonyesha kwa kidole, kiwiko kwa kiwiko. Lesi uliyoiona jana, alimwambia, iliongezwa na msichana wa brashi kwa sababu mwenye duka hakuamini kwamba Bibi aweza kukosa lesi. Mchoraji hakuiona. Haikuwepo. Ilikuwa humu ndani ya kisanduku.

Bibi Ardley alizitazama kwa muda. Mtu angedhani atashukuru. Mama anayerudishiwa watoto angepiga magoti. Lakini majivuno ni ugonjwa. Mwenye nao hata ukimtoa majini hulalamika umemvuta nywele.

"Unaniambia," alisema polepole, "kwamba jiji zima halikuweza kunitofautisha na anayemwaga chungu changu cha usiku?"

"Nakwambia hukuwa wewe."

"Ni matusi yale yale."

Akavuta kamba ya kengele.

Tamsin Peck aliingia akijifuta mikono. Alikuwa wa miaka ishirini na mbili, mrefu kama bibi yake, na mabega ya bibi yake. Alipoiona picha mezani alijua. Akashika mlango.

Wragge hakumpa nafasi ya kutunga. Jumapili ulikuwa wapi? Bustani ya chai. Umevaa nini? Nguo tu, bwana. Umevaa nini, Tamsin? Gauni nililopewa. Nywele nani alikusuka? Mwenyewe, kwa sufi na mafuta ya nguruwe, kama ninavyomsuka Bibi. Kiota? Cha kofia ya zamani ya Bibi, ilikuwa itupwe.

"Na Kapteni Lusby umemjua lini?" Wragge akauliza.

Msichana alishtuka kwa namna ambayo Wragge hakuitegemea. "Kapteni? Kapteni gani, bwana? Yule ni Ned Garraway. Ndiye anayempigia Kapteni viatu rangi. Koti alipewa, lina tundu kwapani, ndiyo maana alinilisha kwa mkono mmoja tu."

Wragge alimtazama Bibi Ardley. Bibi Ardley alitazama ukuta. Kwa siku mbili mabwana wa London walikuwa wamechekea vilabuni uzinzi wa wakubwa wawili, kumbe ni watumishi wawili waliokuwa wakila keki siku yao ya mapumziko. Ndivyo ilivyo katika jiji la watu wanaotazama nguo kwanza. Siku nguo ikitembea bila mwenyewe, nani atamjua nani?

"Uliiona picha jana," Wragge akamwambia Tamsin. "Ulikuwa unapakua mezani Bwana alipoitupa. Ukanyamaza."

"Niliogopa, bwana. Nikadhani itapita."

"Haipiti. Saa kumi watoto wanaondoka."

Tamsin alianza kulia bila sauti. Alisema kwamba ndiye aliyemlea Letitia tangu mtoto ana wiki tatu, kwamba usiku kucha aliwaza aseme. Lakini akisema atafukuzwa bila barua ya sifa, na msichana asiye na barua London anajulikana anapoishia. Bibi Ardley alimwamuru anyamaze. Nje, gari lilisikika likisogezwa mlangoni.

*

Sir Hugh aliitwa chumbani kwa mkewe, akawasikiliza akiwa amesimama, saa yake mkononi. Alikuwa mtu mfupi mwenye kisigino kirefu. Wragge alieleza kwa mpangilio: kadi, picha mbili, kisanduku cha lesi, nyuzi za njano, ushahidi wa Tamsin, jina la Garraway. Haikuchukua robo saa. Alipomaliza, Sir Hugh alifunga kifuniko cha saa.

"Hadithi nzuri," alisema. "Na nikienda klabu jioni niwaambie nini? Kwamba ni kijakazi wangu?"

"Uwaambie kweli."

"Kweli ni kwamba nimewatangazia wanaume thelathini kuwa nimeachana na mke wangu." Alitembea hadi dirishani, akarudi. Sauti yake ililainika, na ikawa mbaya zaidi. "Lakini kama gauni liliibwa, Honoria, hilo ni jambo jingine. Mwizi amevaa nguo za mke wangu, amechafua jina letu. Mimi nimedhulumiwa, nawe umedhulumiwa. Watoto watashuka garini. Andika tu kwamba hukumpa."

Alichukua karatasi kwenye meza ya mkewe, akaitandaza, akatia kalamu wino mwenyewe.

Tamsin aliinua kichwa. Hakuna mtu chumbani asiyejua bei ya gauni lile, wala sheria inavyomfanya mtumishi anayeiba nyumbani kitu cha bei ile. Humnyonga.

"Bibi," alisema. "Bibi, wewe mwenyewe ulinipa. Ulisema nikate kwenye kiuno."

Bibi Ardley alichukua kalamu. Poda usoni mwake ilikuwa imepasuka kandokando ya mdomo. Kutoka chini ilisikika sauti ya Crispin akiuliza kwa nini farasi ana vumbi. Akainama juu ya karatasi.

Wragge hakusogea. "Andika, Bibi," alisema. "Lakini ujue nitakachofanya mimi. Nitakwenda kwa hakimu na kile kisanduku. Nitamwuliza ni mwizi gani aibaye gauni kuukuu, kisha aifumue lesi yenye thamani kuliko gauni lenyewe, aikunje kwa utepe, airudishe kwenye meza yako. Mwizi angeiba lesi akaacha gauni. Aliyefumua ni mwenye mali, na mwenye mali hufumua anapokitoa kitu. Kila mwanamke barazani atalielewa hilo kabla sijamaliza kusema. Halafu utakuwa umeapa uongo ili mtu anyongwe, na mumeo hatakuwa na haja ya picha tena. Watoto atawachukua kwa karatasi yako mwenyewe."

Kalamu ilidondosha tone la wino. Bibi Ardley alilitazama lile doa likienea. Akaweka kalamu chini, taratibu, kama kitu cha moto.

"Nilimpa," alisema. "Mwezi wa tatu. Sitaandika."

"Basi wataondoka," Sir Hugh akasema, akashika kitasa cha mlango.

"Jambo moja, Bwana Mkubwa," Wragge akasema. "Wakati natoka kwa Bibi Quillet, yule mchoraji aliniuliza habari kamili ni ipi. Sikumwambia. Lakini ana bamba safi mezani, na amenambia mwenyewe kwamba akipata habari nzuri huchonga kwa siku moja."

Sir Hugh hakugeuka. "Unanitisha?"

"Nakupigia hesabu. Watoto wakiondoka, Bibi huyu atakwenda kwa hakimu kulisafisha jina lake, nami nitaitwa nieleze. Yatasikika. Jumatatu dirisha lile litakuwa na picha mpya. Haitamchora mkeo. Itamchora bwana aliyelala na mke miaka minane, na bado hamjui bila gauni. Jina litatobolewa katikati. Nadhani watu watalisoma."

Mkono ulibaki kwenye kitasa. Wragge amewahi kuona watu wakikabidhi kisu, wakikabidhi vito, wakikabidhi hata ndugu zao. Anajua bega linavyoshuka mtu anapokabidhi. Bega la Sir Hugh likashuka kidogo.

"Na wakibaki?"

"Wakibaki sina la kumwambia mchoraji. Picha ya jana itafifia. Wiki ijayo watacheka kofia ya mwingine."

Sir Hugh alifungua mlango, akaita chini kwa sauti kavu kwamba gari lirudishwe, farasi wafunguliwe, masanduku yapandishwe. Kisha, bila kumtazama, alimwambia Tamsin awe ametoka kabla ya giza.

"Ataondoka Jumamosi," Bibi Ardley akasema. "Na barua nitaiandika mimi. Nzuri." Akamgeukia Tamsin, uso mgumu vile vile. "Usidhani ni upendo. Sitaki kukuona umevaa nguo zangu tena hata siku moja. Gauni lile kaliuze."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ungesema jana."

"Ndiyo, Bibi."

Wragge alikuwa akikusanya picha zake mezani mlango uliposukumwa. Letitia aliingia na kofia yake ya safari bado imefungwa kidevuni, akasimama katikati ya wakubwa wanne, asijue aende kwa nani. Hakuna aliyemwita. Basi akaenda kwenye meza, kama mtoto afanyavyo akikosa pa kwenda, akainua kichwa aone kilichoko. Ile picha yenye rangi ilikuwa bado haijachukuliwa.

"Huyu ni Tamsin," alisema.

Sir Hugh aliganda. "Nani kakwambia?"

"Hakuna." Mtoto aliweka kidole kwenye picha. Hakukiweka kwenye nywele, wala kwenye gauni, wala kwenye lesi iliyoongezwa. Alikiweka kwenye kile kinywa kilichofunguka. "Anacheka. Mama hacheki hivi."

Sir Hugh akaichukua ile picha. Aliipeleka dirishani kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu aliponunua, akaanza kuitazama kuanzia usoni. Nyuma yake mkewe alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, anajaribu kufungua utepe wa kofia ya bintiye, na vidole vyake havikujua fundo lilifungwaje, maana lilifungwa na Tamsin.